MAONI: Dhahabu ya tenisi haitoshi, vijana wa Kongo wanahitaji mashindano nyumbani

Kila mara ujumbe wa DRC unapofunga safari kwenda Michezo ya Afrika, wakaaji wa Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu huuliza habari za kandanda, judo, ndondi na mbio. Tenisi hutajwa mwisho, tena ikiwa imekumbukwa. Hilo ni kosa, kwa sababu kwenye michezo hiyo fainali ya tenisi ya mchezaji mmoja mmoja inaweza kumfungulia mtu mlango wa Olimpiki.

Mwaka wa 2019, nchini Morocco, Mohamed Safwat wa Misri alitwaa dhahabu upande wa wanaume. Mwenzake Mayar Sherif alifanya vivyo hivyo upande wa wanawake. Kwa ushindi huo wote wawili walijipatia nafasi ya kwenda Tokyo. Bara zima lilikuwa limewekewa nafasi moja kwa wanaume na moja kwa wanawake kupitia michezo hiyo.

Lakini wanaodhani kwamba kushinda wiki moja kunatosha waangalie yaliyotokea Accra mwezi Machi 2024. Angella Okutoyi wa Kenya, msichana wa miaka 20, alimshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri kwenye fainali na kuvishwa dhahabu. Hata hivyo, Paris hakwenda. Kanuni ilitaka bingwa wa Afrika awe pia ndani ya wachezaji 400 bora duniani, na yeye hakuwa amefika huko. Medali alikuwa nayo shingoni, tiketi hakuipata.

Kisa hicho kinaihusu Kongo moja kwa moja. Nafasi kwenye orodha ya dunia haitolewi na wizara wala na kamati ya Olimpiki. Hujengwa wiki baada ya wiki, pointi baada ya pointi, kwenye mashindano ya kimataifa ambayo ngazi yake ya chini kwa wanaume ina zawadi ya dola 15,000 kwa wachezaji wote. Safwat alipofika Morocco alikuwa ameshazunguka kwenye mashindano ya aina hiyo kwa miaka mingi. Misri huyaandaa mengi nyumbani, kwa hiyo kijana wa Cairo anaweza kuanza kutafuta pointi bila kukata tiketi ya ndege.

Kijana wa Kongo anaanzia wapi? Mara nyingi anaanza kwa kuokota mipira ya wakubwa kwenye klabu, anajifunza kwa kutazama, kisha anapewa raketi ya zamani. Mipira anayochezea imepoteza manyoya, wakati kwenye mashindano makubwa mipira hubadilishwa kila baada ya gemu tisa. Akiwa na kipaji, atashinda mashindano ya mji wake, halafu safari inaishia hapo. Anayetaka pointi ni lazima apate pasipoti, viza, tiketi na hoteli, na familia nyingi haziwezi kulipa hayo.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye vita mashariki na mamilioni ya wakimbizi wa ndani haiwezi kufikiria raketi. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna anayedai tenisi itangulie mbele ya chakula cha waliokimbia makwao. Lakini serikali yenyewe ilikwisha kuamua kwamba michezo ina faida: kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, na majengo mapya yakasimamishwa kwa ajili hiyo. Kuandaa wiki mbili za tenisi za ngazi ya chini ni mzigo mdogo sana ukilinganisha na hayo.

Faida yake iko wazi. Mwenyeji anaruhusiwa kuwapa vijana wake nafasi za mwaliko, hata kama hawana pointi yoyote. Vijana wanne wa Kongo wakiingia namna hiyo, mmoja akashinda mechi yake, tayari jina lake limeanza kuonekana. Inauma kulitaja jina la Kigali siku hizi, lakini ukweli haufichiki: mwaka wa 2024 mji huo ulianza kupokea mashindano ya Challenger, ngazi iliyo juu zaidi ya hiyo. Mwenye ugomvi na jirani hakatazwi kuona jirani analima nini.

Michezo ya Afrika ijayo imepangwa kufanyika Misri mwaka wa 2027. Wenyeji watakuwa na wachezaji wenye pointi, waamuzi na viwanja walivyovizoea. Federasheni na wizara zikingoja wiki ya mwisho ili kuchagua wachezaji na kugawa sare, matokeo yanajulikana tangu sasa. Zikianza na mashindano mawili tu ya nyumbani, huenda kijana anayeokota mipira leo Lubumbashi akaingia uwanjani kama mshindani.