Madoa Meusi ya Mguuni

Vua viatu vyako, keti penye mwanga, utazame nyayo zako. Je, kuna doa jeusi au la zambarau lisiloumiza wala kuwasha? Je, kuna vifundo vigumu, na mguu wenyewe unavimba? Tazama na kinywa, juu kwenye kaakaa. Si kila doa ni baya. Lakini doa linalozidi kukua na kuongezeka, usilifiche ndani ya soksi.

Kuna kansa iitwayo Kaposi. Jina ni la munganga Moritz Kaposi, aliyeandika habari zake huko Vienna mwaka 1872. Wazee wa Kivu waliugua kansa hii miguuni zamani, kabla SIDA haijajulikana. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore, huko Marekani, walivumbua virusi vinavyoileta. Virusi hivyo hukaa katika mate, na watu wengi wa Afrika ya kati huvipata tangu utoto. Kwa kawaida hulala tu, maana mwili una walinzi wake.

Walinzi wakidhoofika, virusi huamka. Hili laonekana wazi kwa watu waliopewa figo la mtu mwingine. Ni lazima wanywe dawa za kuwalegeza walinzi, mwili usilikatae figo lile. Na wengine wao hupata Kaposi. Munganga akipunguza au kubadili dawa hizo, mara nyingi madoa hurudi nyuma. Kwetu Masisi na Walikale ni SIDA inayowalegeza walinzi, wala si figo. Basi dawa za SIDA huwasimamisha tena, na mara nyingi vifundo hupungua. Kansa ikiwa imeenea, munganga huongeza dawa nyingine.

Sasa nina neno na ninyi mnaonong'ona mlangoni mwa kanisa. Mnaona mguu wa mzee, mnasema, "Huyu ana SIDA." Mnajuaje? Kuna wenye Kaposi wasio na SIDA kabisa. Kipimo cha damu ndicho kinachosema, si jirani. Na akiwa nayo, je, maneno yenu yatamponya? Yatamfanya ajifungie nyumbani tu, au aende kwa mufumu akachanjwe kwa wembe. Wembe hutoa damu na kuingiza uchafu, virusi hauvigusi.

Najua mtanijibu: vita. Ni kweli. Mtu wa Nyabiondo au Pinga hukimbia usiku, akichukua watoto na sufuria, vidonge vikibaki juu ya dari. Baada ya miezi madoa yanarudi, naye anadhani amerogwa. Mimi naona vidonge vikae pamoja na nguo za mtoto, kwa maana mtoto hasahauliwi. Funga na karata yako ya matibabu humo. Ukifika ulikokimbilia, nenda kituo cha afya siku za kwanza, hata kama huumwi, uwaambie ni dawa gani unayokunywa na imebaki ya siku ngapi.