Vitamini D: Neema ya jua na israfu ya vidonge

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua kuwa mwanga na manufaa kwa waja Wake. Ndugu zangu Waislamu wa Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko, leo tutazame jambo linalogusa afya na mali zetu kwa pamoja: vidonge vya vitamini D, vinavyosifiwa kuwa huzuia saratani, maradhi ya moyo na hata kifua kikuu.

Kwanza tuelewe asili yake. Vitamini hii hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, kisha ini na figo huikamilisha. Kazi yake kuu ni kuusaidia mwili kufyonza madini ya kalisi kutoka katika chakula. Mtoto anayeikosa hupata matege, na mtu mzima hulainika mifupa. Katika hilo hakuna ubishi.

Ubishi uko katika yale yanayodaiwa nje ya mifupa. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi hukutwa na vitamini D kidogo katika damu. Lakini mgonjwa hukaa ndani, na maradhi yenyewe huweza kuipunguza. Upungufu huo basi waweza kuwa dalili ya ugonjwa, wala si chanzo chake. Njia ya kupambanua ni kuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe kidonge cha kweli na wale kidonge kitupu, kisha matokeo yalinganishwe.

Hapa nchini hilo limefanyika. Jijini Dar es Salaam, watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU, waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi na wenye upungufu wa vitamini D, walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa vidonge havikupunguza vifo wala kifua kikuu. Nchini Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 25,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka mitano ulionyesha mwaka 2018 kuwa saratani na maradhi ya moyo hayakupungua. Insafu yatulazimu kutaja kwamba utafiti huohuo, mwaka 2022, ulionyesha kupungua kwa asilimia 22 kwa maradhi ya kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Hiyo ni faida, lakini haikifanyi kidonge kuwa tiba ya kila kitu.

Ama jua, sisi wa Mara tumejaaliwa nalo mwaka mzima. Wamasai na Wahadzabe waliopimwa katika utafiti wa mwaka 2012 walikutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, ilhali 50 hutosha kwa mifupa.

Huenda mtu akauliza: je, dada zetu wanaojisitiri? Hijabu si kikwazo. Ndani ya ua, mbele ya maharimu na wanawake wenzake, mwanamke anaweza kuiota neema hii mikononi na miguuni. Mume anayemfungia mkewe katika chumba kimoja mchana kutwa asitafute fidia yake dukani. Amwekee sitara uani. Hata hivyo, nasaha hii haiwahusu ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi.

Wapo wanaohitaji vidonge kweli: watoto wenye matege, wazee wasiotoka nje, na baadhi ya wanaotumia dawa za kifafa. Hao waongozwe na daktari, kwani kuzidisha hupandisha kalisi katika damu, hukausha mwili na kudhuru figo.

Hatari kubwa zaidi ni mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari kuacha dawa yake kwa kutegemea kidonge hiki. Sheria yetu imekataza israfu, na imekataza zaidi kuitia nafsi katika maangamizi. Fedha ya kidonge kisichohitajika ni haki ya watoto: iwanunulie samaki wa ziwa letu na mayai.

Wabillahi tawfiq.