Maktaba Kichwani mwa Mpagazi

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, wiki chache tu baada ya kuacha urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Alikuja na bunduki, tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama, na sanduku la vitabu. Wapenzi wa fasihi tunalipenda sana hilo sanduku. Ndani yake mlikuwa na vitabu kama 60 hivi, vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho, damu na vumbi: Shakespeare, Homer, Dante, Milton, Biblia, hata Mark Twain. Uzito wake wote ulikuwa chini kidogo ya ratili 60, yaani kilo 27 hivi.

Kwa nini ratili 60 na si 80? Kwa sababu huo ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Maktaba nzima, kuanzia Troya ya Homer hadi mto wa Huckleberry Finn, ilipimwa kwa shingo ya mtu mmoja. Mzee akimaliza kupiga tembo anakaa chini ya mti na kufungua Milton. Aliyembeba Milton tangu alfajiri anaenda kukata kuni.

Hoja yangu ni hii, na najua itawaudhi baadhi yenu mnaoandika hakiki za hoteli kwa lugha tamu: uandishi wa safari za kifahari, tangu enzi za sanduku lile hadi zile video za kifungua kinywa kinachoelea bwawani, kazi yake kubwa ni kumficha anayebeba. Siyo kasoro ndogo ya mtindo, eti mwandishi kapitiwa. Anayebeba akionekana vizuri, starehe yenyewe inaanza kuwasha.

Twende na Roosevelt kidogo. Kampuni ya Scribner's ilimlipa dola 50,000 kwa makala za safari ile, na mwaka 1910 zikawa kitabu, *African Game Trails*. Kwa hiyo msidhani kwamba safari inayolipiwa kwa maneno ni uvumbuzi wa vijana wa Instagram. Yeye na mwanawe walipiga wanyama 512, wakahesabiwa mmoja mmoja na kutengwa aina kwa aina. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200, na kitabuni wengi wao wanapita kama kundi: mstari mrefu wa watu, nyimbo, moto jioni. Twiga anapata aya yake. Mpagazi anapata wingi.

Hemingway alikuja Tanganyika mwishoni mwa 1933, na safari yake ililipiwa na ami tajiri wa mkewe Pauline, Gus Pfeiffer, aliyetoa dola 25,000. Piga hesabu ya fedha hizo katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, Wamarekani wenzake wakiwa kwenye foleni za supu. Hata hivyo nimtendee haki. *Green Hills of Africa* ya 1935 ni kitabu chenye majivuno mengi, lakini mwandishi wake anakubali kuonekana vibaya. Ana wivu kwa sababu mwenzake kapiga mnyama mwenye pembe kubwa kuliko wake, na anauandika huo wivu wazi. M'Cola, msaidizi wake wa kuwinda, ana uso, ana dharau, ana kicheko chake mwenyewe. Broshua haiwezi kufanya hivyo. Umewahi kusoma broshua yenye mtu mwenye wivu? Ndani ya broshua kila mtu ametulia kama maji ya mtungi.

Sasa shida yangu kubwa siyo Wamarekani waliokufa. Ni sisi. Tumeichukua lugha ya broshua na kuivisha kanzu ya Kiswahili, kisha tunaiita uandishi wa safari. Angalia maneno yenyewe. "Kito kilichofichika." Kimefichika kwa nani? Wavuvi wa kijiji cha jirani wanavua pale tangu enzi za mababu, ila wao hawahesabiki kuwa macho. "Utulivu usio na kifani." Muulize mlinzi wa usiku huo utulivu unavyokuwa saa tisa za alfajiri. Na "pori lisiloguswa" ndiyo mbaya kuliko zote. Serengeti, ambayo kila kambi ya mahema ya dola mia kadhaa kwa usiku inatuuzia kama dunia ilivyokuwa kabla ya binadamu, ilikuwa na Wamasai na ng'ombe wao. Waliondolewa mwaka 1959 na kupelekwa Ngorongoro, kwa mpango wa serikali ya kikoloni. Ule upweke mtakatifu anaoununua mgeni ulitengenezwa ofisini, kwa sheria, na una tarehe. Mwandishi anayeandika "halijaguswa" anafuta tarehe hiyo, hata kama anajiona anapamba sentensi tu.

Neno safari lenyewe ni kichekesho. Kwetu safari ni basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda msibani, na mtoto amepakatwa ili asilipiwe kiti. Waingereza wakalichukua, wakaliacha na kofia, darubini na machweo, na sasa tunaliazima tena kutoka kwao likiwa limeshakuwa tajiri kuliko sisi. Kijana wa Kitanzania anayekwenda kumzika bibi yake Bukoba hasemi tena "niko safarini" bila mtu kumtania kuhusu simba.

Na msidhani ni mambo ya Afrika tu. Kule Maldives utalii ulianza mwaka 1972, na kwa miongo kadhaa utaratibu ulikuwa kisiwa kimoja, hoteli moja: wageni kwenye visiwa visivyo na wakazi, wenyeji kwenye visiwa vyao. Nyumba za wageni kwenye visiwa vya wenyeji zimeruhusiwa juzi juzi tu, miaka ya 2000 inaisha. Kwa hiyo mwandishi angeweza kukaa wiki nzima katika nchi ya Kiislamu, akanywa mvinyo mchana kutwa, akarudi kwao na kurasa kumi za samaki wa rangi, bila kukutana na familia hata moja ya nchi hiyo. Oktoba 2009 Rais Mohamed Nasheed na mawaziri wake walivaa mitungi ya hewa wakafanya kikao cha baraza chini ya bahari, ili dunia ione nchi inavyozama. Sijui jamani mnataka sitiari gani zaidi ya hiyo! Lakini ukisoma uandishi wa kifahari, bahari ile ni ya kuogelea tu.

Niliwahi kuandika makala kuhusu kambi moja ya kifahari upande wa kaskazini. Usiku mmoja pale ulizidi mshahara wangu wa mwezi. Aya moja niliiweka kuhusu mabweni ya wafanyakazi, yaliyojengwa nyuma ya jenereta ili mgeni asisikie kelele. Wao wanazisikia, bila shaka. Mhariri akaikata. Nilipouliza, akanijibu kwa ustaarabu kabisa: "Ndugu yangu, msomaji wetu yuko likizo." Sijawahi kusikia nadharia ya fasihi iliyosemwa kwa maneno machache namna ile. Msomaji yuko likizo, kwa hiyo ukweli nao upewe likizo.

Najua mtaniambia ajira. Hoteli zinalisha watu, utalii unaleta fedha za kigeni, wewe mwandishi umelisha nani? Sawa. Sisemi hoteli zifungwe, na anayefanya kazi pale simdharau. Ndugu zangu wawili wanaishi kwa kazi hizo. Lakini hoja ya ajira inanisaidia mimi, haimsaidii yule mhariri. Kama kazi ya wale watu ndiyo sababu ya mahali pale kustahili kuwepo, mbona ndiyo kitu pekee kisichoandikwa? Mnawataja mkiwa mnajitetea, mkianza kuandika wanageuka "tabasamu za ukarimu." Mhudumu ana meno tu, hana mgongo.

Wengine mtasema kwamba fasihi inatafuta uzuri, siyo karatasi za mishahara. Ninyi ndio mnaonikera zaidi, kwa sababu mnasoma sana. Mlimsifu Binyavanga Wainaina kwa kejeli yake ya 2005 kuhusu namna ya kuiandika Afrika, mkaisambaza, mkacheka. Jamaica Kincaid mlimsoma, *A Small Place* ya 1988, mwenyeji wa Antigua akimwangalia mtalii bila kupepesa. Halafu mkaalikwa usiku mbili za bure, mkaandika kuhusu shuka.

Na tuna urithi wetu, siyo kwamba tunaanza na ukurasa mtupu. Mwaka 1901, huko Göttingen, Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa masimulizi ya wasafiri walioandika kwa Kiswahili. Mmojawapo ni Selim bin Abakari, aliyefika Urusi hadi Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani. Mtumishi! Anayebeba ndiye anayeandika. Anawatazama Wazungu wa nchi za baridi kama wao walivyozoea kututazama, anapima desturi zao, anashangaa kwa wakati wake mwenyewe. Ndiyo, kitabu kilitoka mikononi mwa mwalimu wa Kijerumani, enzi za ukoloni, na hilo lina uzito wake. Lakini miaka 13 kabla ya lile sanduku la Roosevelt, mwenzetu alikuwa ameshaonyesha kwamba mwenye mzigo anaweza kuwa ndiye mwenye macho. Vitabu vya namna hiyo vingekuwa vinasomeshwa. Sisi tunasomesha jinsi ya kuandika maelezo ya picha.

Leo sheria za hifadhi ya Kilimanjaro zinasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Kuna vifurushi vya kifahari vya kupanda mlima ule vyenye hema la kulia chakula, viti, na choo cha faragha cha kubebeka. Mtu anakibeba hicho choo. Anakipandisha asubuhi akimpita mgeni anayeambiwa pole pole, anakifunga kambini, anakisafisha, kesho anakipandisha tena, juu zaidi. Nimesoma makala nyingi za watu waliofika Uhuru, na karibu zote zina jua linalochomoza na machozi ya mwandishi.

Mimi nataka daftari la yule wa choo. Alichokiona usiku, alichosema na wenzake kwa Kichaga kuhusu huyo mgeni anayelia, bakshishi ilivyogawanywa getini na nani alipunjwa. Likinifikia, hata liwe na makosa ya tahajia kila mstari, nitalihariri bure, na zile hakiki mbili za hoteli nilizoombwa mwezi huu zitakaa chini ya rundo.