Mwanangu ni mvivu kwa sababu...

Akina mama wapendwa, mwezi huu naomba tuweke kando habari za chanjo na lishe, niwasimulie darasa langu la Kiingereza. Wengine wenu mmeniuliza jinsi ya kuanzisha darasa kama hilo kwenye ukumbi wa kanisa lenu, na hasa mtawafundishaje watu wengi ambao hawalingani hata kidogo kwa ujuzi. Nitajibu kwa kuwasimulia somo moja tu, lile la maneno ya tabia za watu. Nililifundisha mara mbili, na mara ya kwanza lilinishinda kabisa.

Mjue kwanza kwamba mimi si mwalimu. Nina stashahada ya uuguzi, na kazi yangu ni wodini na kliniki ya watoto. Darasa lilianza kwa sababu akina mama wa ushirika wetu walikuwa wakilalamika: hapa Tanzania mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na mama akionyeshwa daftari hana la kusema. Akatafutwa mtu wa kujitolea, na macho yote yakanigeukia mimi. Siku ya kwanza nilitegemea watu 15. Walikuja 58.

Mabenchi ni 12 na ubao ni mmoja. Yupo mama muuza maandazi aliyeishia darasa la nne. Wapo wasichana wa kazi za nyumbani wanaoombewa ruhusa ya saa moja na nusu, wapo vijana waliomaliza kidato cha nne na wanasubiri riziki, na wapo akina mama Waislamu, majirani zetu wa mtaa huo huo. Yupo mwalimu mstaafu anayejua sarufi kuliko mimi na ambaye hunisahihisha mbele ya watu, Mungu ambariki. Na yupo mwanamume mmoja, mzee fundi cherehani, ambaye huketi karibu na mlango kama mtu aliye tayari kukimbia.

Somo la tabia nililianza kama nilivyofundishwa mimi nikiwa msichana. Niliandika ubaoni maneno 30 ya Kiingereza, kila moja na maana yake ya Kiswahili, tukayaimba kwa pamoja. Vijana walipiga miayo. Mama wa maandazi alinakili yote kwa mwandiko mzuri sana, na wiki iliyofuata hakuweza kutumia hata moja. Kwa kweli nilihuzunika, lakini nikiyatazama tena yale maneno niliona kosa si lake. Chukueni neno “mpole”. Sisi tukisema fulani ni mpole, tumemsifu kwa mambo matatu au manne kwa mpigo: hana kelele, hana hasira, hajikwezi, hadhuru mtu. Waingereza wanalo neno “quiet” kwa mtu asiye na kelele, na wanalo “gentle” kwa asiyedhuru, na mtu anaweza kuwa la kwanza bila kuwa la pili. Nyoka naye hana kelele. Au “mkali”: mwalimu mkali na mbwa mkali kwetu ni neno moja, kwao ni mawili, na ole wako ukimpa mkuu wa shule lile la mbwa.

Halafu kuna lile swali lao la kuuliza tabia, linaloonekana kama la kuuliza mtu anapenda nini. Niliuliza, “What is your mother-in-law like?” Yaani, mama mkwe wako yukoje? Dada mmoja akanijibu kwamba anapenda sukari. Mwenzake akaongeza kuwa wa kwake anapenda mshahara wa mume wangu. Ukumbi ulicheka hadi mzee fundi akasimama. Tangu siku hiyo nimelifunga swali hilo na neno letu “yukoje”, na hawakosei tena. Lakini kosa la kumwita mume “she” bado tunalo, maana Kiswahili chetu kina “yeye” mmoja tu kwa wote. Hilo nimeamua kulivumilia.

Mara ya pili niliacha orodha. Nilisimulia hadithi ya Sungura na Fisi, ile ambayo kila mmoja aliisikia kwa bibi yake, Mkristo kwa Mwislamu, msomi kwa asiyesoma. Niliisimulia kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza chepesi. Sikutaja tabia ya mnyama yeyote. Nilitaja matendo tu: Fisi alikula chakula chote peke yake, Kobe alingoja, Sungura alisema ni mgonjwa kumbe si mgonjwa. Kisha nikagawa watu katika makundi ya sita sita, na hapa ndipo siri ilipo, akina mama. Msiwaweke wajuzi peke yao. Kila kundi liwe na mjuzi mmoja au wawili, na anayeanza kabisa akae katikati, wala si pembeni.

Kila kundi lilipata vikaratasi nilivyokata kutoka kalenda za zamani, vingine vina tendo, vingine vina neno la tabia. Wanaoanza kazi yao ni kuoanisha: aliyekula peke yake, “greedy”, aliyengoja, “patient”. Maneno sita tu, si 30. Wa katikati wanaandika sentensi moja kwa kila neno. Vijana wa kidato cha nne lazima waongeze “because” na sababu yake, tena sababu hiyo itoke katika hadithi. Kwa hiyo ni hadithi moja, ubao mmoja, na hakuna anayekaa bure kumsubiri mwenzake. Mwalimu mstaafu nilimpa kazi ya kuzunguka na kusahihisha, akafurahi, nami nikapumua.

Kilichotokea sikukipanga. Kundi la mbele lilibishana kama Sungura aitwe “clever” au “dishonest”. Kijana mmoja alisema ni mwerevu. Mama wa maandazi, ambaye kwa wiki mbili hakufungua kinywa, akapiga benchi: “Yule ni mwizi!” Akataka apewe neno la mwizi kwa Kiingereza, na alipopewa alilitamka mara tano. Hajalisahau hadi leo.

Onyo moja kwa mtakaojaribu: msiruhusu majina ya watu wa mtaani. Mimi nilizembea. Kundi moja liliandika sentensi kuhusu jirani mwenye mkono wa birika, karatasi ikabaki benchini, na kabla ya Jumapili mwenyewe alikuwa ameshatafsiriwa. Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwake na kilo moja ya sukari. Tangu hapo ni wanyama, au mtu wa nyumbani kwako mwenyewe.

Na hilo la mtu wa nyumbani ndilo lililonifanya niandike haya. Wiki ya tatu nilimwomba kila mmoja aandike sentensi moja kuhusu mtoto wake au mdogo wake, hata wanaoanza, na safari hii hata wao waweke “because”. Nilibeba zile karatasi nyumbani. Nyingi zilikuwa nzuri, mtoto ni mkarimu kwa sababu anamgawia mwenzake. Nilipofika ya mama wa maandazi niliiweka chini kalamu. Kwa Kiingereza kilichovunjika hapa na pale alikuwa ameandika: mwanangu ni mvivu kwa sababu analala darasani, hataki kucheza na anakula udongo.

Tabia ilikuwa moja, na sababu zilikuwa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya uvivu. Mtoto wa miaka 9 asiyetaka kucheza! Kesho yake nilipitia kwenye meza yake ya maandazi kabla ya zamu. Nikamwomba nimwone kijana. Nilivuta kope ya chini ya jicho, nikageuza viganja, na nilichoona ni weupe mahali palipotakiwa kuwa pekundu. Miguu haikuwa na viatu.

Kituoni walimpima damu wakakuta himoglobini ni gramu 6.4 kwa desilita. Mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 11 hatakiwi kuwa chini ya 11.5, na chini ya 8 tunauita upungufu mkubwa wa damu. Malaria hakuwa nayo, ila choo kilionyesha mayai ya safura, minyoo wale wanaoingia kupitia ngozi ya nyayo, hushika ukuta wa utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, na tarehe za kurudi kupimwa hadi damu irudi. Nilimwambia mama anunue ndala, na chai isiandamane na chakula kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Chungwa ni bora. Kuhusu udongo, mwenye upungufu wa madini hayo mara nyingi huutamani. Huo si ukaidi.

Mama alilia, akasema, “Sista, huyu nimemchapa kwa uvivu mwaka mzima.” Sikuwa na maneno ya kumfariji haraka haraka, maana nilikuwa nakumbuka yangu. Sisi wauguzi tunalo neno letu, “mtoro”, la mama anayeacha kuja kliniki tarehe aliyopangiwa. Nimelitumia kwa miaka mingi. Siku moja nilimkemea mtoro mmoja mbele ya foleni nzima, naye akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni kwa kuwa hakuwa na nauli. Neno nililiandika mimi, sababu sikuiuliza.

Kwa hiyo sasa ukumbini kwetu tuna sheria: hakuna neno la tabia linaloandikwa bila “because”, na anayesoma ana haki ya kukataa neno kama sababu hailingani nalo. Wajuzi na wasiojua wote wanafuata sheria hiyo. Anayeanza huruhusiwa kutoa sababu kwa Kiswahili, na jirani yake wa benchi humsaidia kuigeuza. Mzee fundi cherehani amekuwa hodari sana wa kukataa maneno ya wenzake.

Imepita miezi minne. Kijana anapanda mwembe wa kanisani na kushushwa kwa ahadi. Jumanne iliyopita mama yake alifika amechelewa, amekasirika, ndala moja mkononi imekatwa miduara minne. Mtoto ametengeneza gari la mabati na hizo ndizo zilizokuwa magurudumu.

“Sista,” akaniambia kabla hajaketi, “mtundu kwa Kiingereza anaitwaje?”

Nikamwambia yapo mawili, moja kwa ajili ya ndala na jingine kwa ajili ya gari. Akayaandika yote.