Mali ya Nyumba na Mali ya Mfukoni



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu pasina kubisha hodi. Zamani nyumba nyingi za pwani zilikuwa na sanduku la sauti: kwanza sahani za santuri, kisha kaseti. Humo mlikuwamo visomo vya Kurani, kasida za maulidi, mawaidha ya masheikh wa mji, na taarabu za harusi. Leo sanduku hilo liko uvunguni limejaa vumbi, na mahali pake pameshikwa na simu ya kijana.

Hatukusudii hapa kutoa hukumu ya ngoma na vinanda, kwani maulamaa wamekhitalifiana katika hilo, na mahali pake ni darasani. Tusemayo ni juu ya utunzaji.

Mageuzi haya yamekwenda mbio. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Sahani za CD zikaanza kuuzwa mwaka 1982. Na mwaka 2001 kampuni ya Apple ikatoa iPod, chombo cha kutia mfukoni kilichochukua nyimbo 1,000. Nacho kikaachwa kutengenezwa mwaka 2022, kwa kuwa kazi yake ilikwisha kumezwa na simu. Kadi ya gigabaiti 32, iliyo ndogo kama ukucha, yaweza kuchukua zaidi ya saa 500 za sauti, yaani zaidi ya kaseti 500 za saa moja moja. Hiyo ni neema, wala mwenye akili haikani.

Lakini neema nayo ina masharti yake. Sanduku la kaseti lilikuwa mali ya nyumba. Baba alinunua, mama alichagua, watoto walisikiliza, na mwenye nyumba alipofariki, warithi walilikuta mahali pake. Simu ni mali ya mtu mmoja. Imefungwa kwa neno la siri, na asikilizaye ametia vidude masikioni. Aliye ubavuni pake hajui kama ni kasida au ni upuuzi. Akifa mwenyewe, au simu ikianguka baharini, yaliyomo humo pekee hupotea pamoja nayo.

Tena, nyimbo nyingi tuzisikilizazo mtandaoni si mali yetu. Twalipa ijara ya mwezi, na siku tuachapo kulipa, mlango hufungwa. Wala tusidhani kwamba makampuni makubwa hayapotezi. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace wa Marekani ulikiri kupoteza nyimbo ambazo watu walikuwa wameziweka humo kwa miaka 12. Na ilhali Siti binti Saad alirekodi sahani zake Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950, sauti yake ingali yasikika, kwa kuwa wako waliozitunza. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, sanduku nalo halitadumu. Utepe wa kaseti huharibiwa na joto, unyevu na ukungu. Basi twawausia haya. Kwanza, tafuteni redio ya kaseti iliyo nzima, mnakili kaseti zenu, mkianza na zile zisizopatikana dukani: kisomo cha babu, darasa za sheikh wa mtaa, maulidi yaliyosomwa nyumbani. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja kuinakili, kwa hiyo kazi hii yataka subira. Pili, andikeni jina la msomaji, mahali na mwaka, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, wekeni nakala mbili katika nyumba mbili mbalimbali. Nne, neno la siri la hazina hiyo lijulikane na zaidi ya mtu mmoja.

Nanyi vijana, kazi hii yawangoja nyinyi, kwani ndinyi mnaovijua vyombo hivi vipya. Tena baadhi ya siku, baada ya sala ya Isha, vitoeni vidude masikioni, muifungue sauti ukumbini, ili bibi naye asikie. Huenda akawatajia jina la msomaji ambalo halikuandikwa popote.

Sauti za wazee wetu ni amana mikononi mwetu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza. Amin.