Anaanza na Mzazi

Mtoto akiharibiwa mtaani, wazazi tuna majibu yetu tayari. Tumeyarudia mpaka yamekuwa kama ngao, na mlaghai wa watoto anayafahamu kuliko sisi.

“Mwanangu nimemkataza kuzungumza na watu asiowajua.” Vema, maana wageni wabaya wapo. Lakini kumrubuni mtoto kunataka muda na kunataka kibali, na mgeni hana hata kimoja. Mwenye vyote viwili ni yule anayeitwa anko: mwalimu wa tuisheni, ndugu aliyehamia kutafuta kazi, bodaboda wa kila asubuhi, kiongozi wa dini, jirani mwenye king'amuzi. Kazi yake ya kwanza huwa juu yako wewe. Anaona unafunga genge saa tatu usiku, anajitolea kumpokea mtoto shule. Ada imepungua, anajazia. Ukishaanza kusema “bila yule mtu sijui ningefanyaje”, hatua ya kwanza imekwisha, na kwa mtoto bado hajafanya lolote.

Kisha anapima. Soda ambayo mama asiambiwe. Mchezo wa kutekenyana unaozidi kidogo. Mlango unaorudishwa. Anasubiri aone kama habari itakufikia. Isipokufikia, anasogea mbele. Kuna dalili moja ambayo wazazi wengi huipokea kwa shukrani badala ya kushtuka: mtu mzima anayekuletea, bila kuulizwa, habari kwamba mwanao siku hizi ni mwongo. Huenda ni kweli. Huenda pia anamvunja shahidi kabla hajasema neno.

Sisemi kila mwenye huruma ni mhalifu, tungeishije? Weka mpaka, kisha tazama. Mwambie mwalimu masomo yatafanyika barazani, si chumbani. Mwalimu wa haki atahamisha daftari na kuendelea na hesabu zake. Anayenuna, anayesema humwamini, au anayepata sababu mpya ya kuwa peke yake na mtoto kila unapofunga mlango mmoja, huyo hana haja tena ya kufikiriwa mara mbili. Msimamishe. Lawama za ukoo zitapita.

“Mwanangu hanifichi kitu.” Tumemfundisha kumwamkia mkubwa, kumtii na kutomjibu, halafu tunataka siku moja amkatae mkubwa huyo huyo na aje kumshtaki. Mtoto hasemi hivyo. Anasema tumbo linauma siku za tuisheni, anaanza tena kukojoa kitandani, anakasirika likitajwa jina la mtu, ana pesa ambazo hazielezeki. Naye ameshaambiwa kwamba kwa kuwa alikula chipsi na kupokea hela, kosa ni lake pia. Ukianza na “Kwa nini hukusema mapema?”, umethibitisha alichoambiwa na yule mtu.

“Wangu ni wa kiume.” Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana ana aibu ya ziada, na anajua atachekwa.

“Kumfundisha mambo hayo ni kumfungua macho.” Pwani tuna somo na kungwi, kwa hiyo si kweli kwamba mila zetu hazizungumzi mwili. Tatizo ni umri: wao huitwa mtoto akishabalehe, ilhali anayemvizia hangoji. Mtoto wa miaka minne anaweza kujua majina ya viungo vyake, kujua nani anamwogesha, na kujua kwamba nyumbani kwenu hakuna siri ya kumficha mama. Hapo hakuna uchafu wowote.

“Simu hana.” Anayo yako, ya dada wa kazi, ya rafiki yake. Mtu wa mtandaoni hujifanya rika lake, humsifu, humwomba picha moja, kisha humtisha kuisambaza. Mtoto anayejua atapigwa kwa sababu ya simu ataendelea kulipa kwa picha nyingine.

“Tutayamaliza kifamilia.” Hili ndilo linalonikera zaidi. Wazee wanakaa, fidia inatajwa, mtuhumiwa anahamia mtaa mwingine wenye watoto wengine, na mtoto aliyeumizwa anasikia bei yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haikuwaachia wajomba waamue kama inafaa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Kama mtoto ameingiliwa, usimwogeshe, na nguo zake zifunge kwenye karatasi au kitambaa, si mfuko wa plastiki. Mfikishe hospitali mara moja: dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na vikao vya ukoo vinaweza kuzimaliza saa hizo kabla chai haijapoa.

“Na nani atamsadiki mtoto?” Mahakama inaweza. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inairuhusu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Usimkaririshe, basi, wala usimhoji mara kumi mbele ya mashangazi. Msikilize mara moja, mwambie hana kosa, andika maneno yake kama alivyoyasema, uende nayo dawatini.