MERIKANI NA JASHO LISILOHESABIWA

Wapo watu ambao hadi leo wanaisimulia historia ya Tabora kana kwamba nguo iliingia Unyamwezi mabegani mwa wapagazi. Kwa maelezo yao, watu wa bara walikaa uchi wakiingoja misafara ya kutoka Bagamoyo iwaletee merikani na kaniki, na pamoja nazo ustaarabu. Simulizi hilo ni kasumba ya kikoloni. Halina budi kung'olewa na mizizi yake, kwa sababu linafuta kazi ya mikono ya wananchi, na wa kwanza kufutwa ni mwanamke.

Ushahidi umo katika maandishi ya wageni wenyewe. John Speke, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, pamoja na Richard Burton mwezi Novemba 1857, alieleza katika kitabu chake cha 1863 kwamba Wanyamwezi walifuma nguo za pamba kwa mitambo yao wenyewe na kufua chuma kwa ustadi mkubwa. Huko Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo vilitumika kusokotea uzi karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Kimarekani kutia nanga Unguja.

Uzi ni wa kale kuliko dola yoyote. Katika pango la Dzudzuana, nchini Georgia, zimepatikana nyuzi za kitani cha porini ambazo umri wake umekadiriwa kuwa miaka 30,000 hivi. Mwaka 1970 mtaalamu Judith Brown alitoa hoja kwamba katika jamii za kale mwanamke alishika zaidi kazi zinazoweza kukatizwa mtoto anapolia na kuendelezwa anaponyamaza, tena zisizomhatarisha mtoto huyo. Kusokota ni kazi ya namna hiyo hasa. Ni kazi ndefu pia: mfumaji mmoja huhitaji wasokotaji kadhaa ili mtambo wake usisimame. Anayesifiwa ni mwenye mtambo. Aliyetoa mtande na mshindio hatajwi.

Hata hivyo, hoja hiyo isigeuzwe kuwa amri ya maumbile. Ufipa, wafumaji wa nguo za pamba walikuwa wanaume. Buganda, wanaume ndio waliogonga magome ya miti kuwa nguo. Kumbe mgawanyo wa kazi hupangwa na jamii, na kilichopangwa na jamii chaweza kupangwa upya na jamii hiyo hiyo. Anayesema kwamba mwanamke amezaliwa kwa kazi isiyo na malipo anatetea maslahi yake tu.

Sasa itazamwe hiyo merikani iliyotukuzwa. Katika njia ya misafara ilikuwa ndiyo fedha: ilipimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane, kwayo watemi walilipwa hongo, na kwayo wapagazi walipata ujira. Nguo hiyo ilitoka katika viwanda vya New England, Marekani. Katika viwanda vya Lowell, jimbo la Massachusetts, wafanyakazi wengi walikuwa wanawake na wasichana, nao waligoma mwaka 1834 na tena mwaka 1836 kupinga kunyonywa. Pamba waliyoisokota ilivunwa na watumwa wa Kiafrika, wake kwa waume, katika mashamba ya kusini mwa nchi hiyo. Katika misafara yenyewe, wanawake wa Kinyamwezi walitembea mamia ya maili wakibeba vyungu, chakula na watoto, na jioni wakawapikia wapagazi kambini.

Kwa hiyo nguo ile, toka shambani hadi kambini, ilibebwa na jasho la mwanamke. Mfanyabiashara aliihesabu doti moja moja wala hakukosea. Jasho hilo hakulihesabu hata siku moja. Huo ndio unyonyaji, uwe umeandikwa kwa Kiarabu, kwa Kihindi au kwa Kiingereza.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema ukweli huu bila kumung'unya maneno: wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Maneno hayo hayakuandikwa yapambe ukuta. Wilaya za Igunga na Nzega hulima pamba, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado husafirishwa nje ikiwa haijasokotwa, na nguo hurudi kama mitumba. Sheria imetenga sehemu ya mapato ya halmashauri iwe mikopo kwa vikundi vya wanawake. Basi vikundi vya kusokota, kufuma na kushona vipewe mikopo hiyo kwa haki, na mapato yake yabaki mikononi mwa wanaotoka jasho.

Pale Kwihara, nyumba aliyokaa Livingstone imehifadhiwa kuwa makumbusho. Ni vema. Lakini kama taifa linaweza kutunza nyumba ya mgeni aliyepita, haliwezi kushindwa kumheshimu na kumlipa mwenyeji aliyelivika. Historia isiyomhesabu mfanyakazi ni daftari la mnyonyaji, na wananchi huru hawana sababu ya kuendelea kulinakili.